Unataka kuanza kusoma katuni za mashujaa? Usianze na namba moja, anza hapa

Huku kwetu Janga, Mlandizi, Kibaha mpaka Kisarawe, ukimtaja Spider-Man, Batman au Black Panther hata mtoto wa darasa la pili anakujibu. Amewaona kwenye vibanda umiza, kwenye filamu zilizotafsiriwa, kwenye begi la shule na kwenye fulana za mnadani. Lakini uliza ni nani amesoma kitabu ambacho mashujaa hao walitokea. Hapo utapata kimya.

Wapo vijana wanaotaka kusoma. Shida yao ni moja: nianzie wapi? Wahusika ni maelfu, vitabu ni vingi, na Kiingereza chake kingine kinamkaba hata aliyemaliza kidato cha nne.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu akianza na kitabu kigumu, au kisichomhusu, au kinachomtaka awe amesoma vingine hamsini kwanza, anakifunga na harudi tena. Bando limeisha, muda umeisha, na anabaki akiamini kwamba kusoma si kazi yake. Akianza na kinachomfaa, anamaliza, kisha anatafuta cha pili. Kitabu cha kwanza ndicho kinachoamua.

Makala hii inakuchagulia hicho cha kwanza, na vichache vya kufuata. Imeandikwa kwa mtu mwenye simu, bando la kubana na Kiingereza cha kawaida.

Kwanza tuelewane majina

Katuni za Marekani hutoka kama vijitabu vyembamba, kwa kawaida kimoja kila mwezi, chenye kurasa 20 na kitu za hadithi. Hicho tukiite toleo.

Matoleo matano au sita yakikusanywa kwenye kitabu kimoja, huo ni mkusanyo. Mara nyingi mkusanyo unabeba kisa kizima au sehemu kubwa ya kisa, kwa hiyo anayeanza anunue mkusanyo, asihangaike na toleo mojamoja.

Halafu kuna riwaya ya picha. Hiyo ni hadithi ndefu ya michoro yenye mwanzo na mwisho, kama riwaya yoyote. Inaweza kuwa ya shujaa anayeruka angani, na inaweza kuwa ya mama anayeuza maandazi. Picha zisikudanganye ukadhani ni ya watoto. Nyingine ni za watu wazima kabisa, na tutafika huko.

Shujaa mwenye nguvu za ajabu si mgeni kwetu

Kuna wanaosema mambo ya masupahiro ni ya Wazungu. Hebu tuangalie.

Fumo Liyongo wa pwani yetu, katika masimulizi, hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Kilichomuweza ni sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa na mtoto wake mwenyewe. Lwanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uzima wake ulikuwa kwenye kivuli chake. Mke aliyetoka upande wa adui akaijua siri, na yakaishia hapo. Sasa mtazame Superman: risasi hazimpati, ila jiwe la kutoka kwenye sayari yake linamlegeza. Ni muundo uleule, nguvu kubwa na tundu moja dogo.

Hata mkoa wetu wa Pwani una lake. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, Rufiji, aliwaambia watu kwamba dawa yake itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ikawaka. Ile haikuwa hadithi ya kubuni, na watu walikufa kweli. Lakini swali lake, yaani kiongozi anafanya nini watu wanapoamini ana nguvu asizokuwa nazo, ndilo ambalo katuni bora za mashujaa zimekuwa zikiliuliza miaka yote.

Na kusoma picha pia si jambo geni. Muulize baba au mjomba aliyekuwa kijana miaka ya 1980 kuhusu Sani. Atakutajia Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge na Kipepe bila kufikiri. Marehemu Philip Ndunguru ni mmoja wa wachoraji waliowapa sura wahusika wa gazeti hilo. Kabla yake kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na baadaye akaja Kingo wa James Gayo. Filamu ya Titanic ya 1997 ilipotikisa dunia, Joshua Amandus Mtani aliichora upya kwa Kiswahili na kuiita Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic.

Wazee pia wanamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha za kupiga kwenye gazeti la African Film, aliyesomwa sana Afrika mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa anaruka angani, ila alikuwa na ngumi, kofia na suti safi, na alikuwa Mwafrika.

Kwa hiyo ukishika kitabu cha Batman leo, unaendeleza tabia ambayo ilikuwepo hapa nyumbani kabla hujazaliwa.

Kwa nini usianze na namba moja

Watu wengi hufikiri hivi: nitafute Spider-Man namba moja, niende mpaka mwisho. Inaonekana ni akili, lakini ni mtego.

Superman alitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Batman akafuata 1939. Spider-Man ni wa 1962. Hadithi zao hazijawahi kusimama tangu hapo, na zimeandikwa na mamia ya watu tofauti. Ukitaka kusoma zote kwa mpangilio utazeeka nazo.

Pili, lugha na michoro ya zamani ni mizito kwa msomaji wa leo. Maneno ni mengi kila ukurasa, na shujaa anaeleza kwa mdomo kitu ambacho picha imeshakionesha.

Tatu, na hili wengi hawalijui: namba moja si moja tu. Kampuni za Marekani hurudisha hesabu kwenye namba 1 kila zinapotaka wasomaji wapya. Unaweza kukuta matoleo kadhaa ya Spider-Man yameandikwa namba 1, kila moja la mwaka wake, na baadhi yake yanaendeleza kisa kilichoanza zamani. Kwa hiyo namba iliyoko kwenye jalada haikuhakikishii kwamba uko mwanzo.

Badala ya kutafuta mwanzo wa mhusika, tafuta kisa kimoja kilichokamilika, kinachoanza na kuisha ndani ya kitabu kimoja au vichache. Mambo mengine ya mhusika huyo utayajua baadaye, kama unavyomjua jirani: hukuanza na cheti chake cha kuzaliwa.

Maswali matatu kabla ya kuchagua

La kwanza, unasoma kwenye nini? Kitabu kilichochorwa kwa karatasi kubwa kinasumbua kwenye kioo cha simu. Maneno yanakuwa madogo, unavuta, unarudisha, unachoka. Kama una simu tu, anza na katuni zilizotengenezwa kwa simu.

La pili, Kiingereza chako kikoje? Jibu kwa ukweli, hakuna mtu anayekusikiliza. Fungua kurasa tatu za mwanzo. Kama unaelewa kinachoendelea hata pale maneno mawili matatu yanapokupita, kinakufaa. Kama kila kiputo cha maneno kinakusimamisha, kiweke pembeni, utarudi.

La tatu, unapenda nini tayari? Anayependa visa vya upelelezi apewe Batman. Anayependa mambo ya familia na shule apewe Ms. Marvel. Anayependa historia asilazimishwe kuanza na mashujaa kabisa, riwaya za picha zipo.

Una simu tu na bando dogo? Anza hapa

Chaguo la kwanza kwa msomaji wa simu ni Batman: Wayne Family Adventures. Ilianza kwenye programu ya WEBTOON Septemba 2021, na ni bure. Imechorwa kwa ajili ya simu: unasogeza kwa kidole kwenda chini, picha moja baada ya nyingine, huhitaji kuvuta wala kugeuza simu.

Vipande vyake ni vifupi, dakika chache tu kila kimoja. Havihusu vita kubwa. Vinahusu nyumba ya Batman: vijana aliowalea, wanavyogombania chakula, wanavyotaniana, wanavyolindana. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya watoto wengi atajiona humo. Kiingereza chake ni cha mazungumzo, si cha vitabuni. Kwa kuanzia, sijui chenye unafuu zaidi ya hiki.

Chaguo la pili ni programu ya MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha ya Japani, iliyoanza Januari 2019. Hapo utapata My Hero Academia ya Kohei Horikoshi, na sura za mwanzo unazisoma bure. Ni kisa cha kijana aliyezaliwa bila nguvu zozote kwenye dunia ambayo karibu kila mtu anazo, naye anataka kuwa shujaa. Hadithi ilianza 2014 na ikaisha 2024, kwa hiyo ina mwisho wake kabisa.

Kitu kimoja cha kujua: katuni za Japani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Waliopita madrasa hawatapata tabu, ni kama kufungua msahafu. Wengine watazoea baada ya kurasa tano.

Chaguo la tatu ni tovuti ya Digital Comic Museum. Ina katuni za zamani za Marekani ambazo haki zake zimekwisha, kwa hiyo kuzipakua ni halali na ni bure. Hiyo ni ya kuchungulia tu, kuona watu wa miaka ya 1940 walichora vipi. Usiifanye kuwa ya kwanza.

Vitabu sita vya kuanzia

Hivi vimepangwa kuanzia chepesi kwenda kizito kwa upande wa lugha.

1. *Superman Smashes the Klan*. Kimeandikwa na Gene Luen Yang, kimechorwa na Gurihiru, timu ya wachoraji kutoka Japani, na kilitoka 2019 hadi 2020. Ni mwaka 1946. Familia ya Kichina inahamia mtaa mpya mjini na kundi la wabaguzi linataka kuwafukuza. Superman anawasaidia, lakini naye ni mhamiaji, ametoka sayari nyingine, na anaogopa watu wakimjua vizuri watamkataa. Huhitaji kujua chochote kabla. Kinamfaa hata mtoto wa miaka kumi na mbili, na mtu mzima hatachoka.

2. *Iyanu: Child of Wonder*. Kimeandikwa na Roye Okupe wa Nigeria, kimechorwa na Godwin Akpan, na kilitolewa na kampuni ya Dark Horse mwaka 2021. Binti yatima mwenye nguvu asizozielewa, kwenye ulimwengu uliojengwa juu ya utamaduni wa Wayoruba. Kimetengenezewa pia filamu za katuni zilizoanza kuoneshwa 2025. Ukimsomea mdogo wako, atakusumbua umwendelezee.

3. *Ms. Marvel*, mkusanyo wa kwanza unaoitwa *No Normal*. Mwandishi ni G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona, mwaka 2014. Kamala Khan ni binti wa Kiislamu, wazazi wake wametoka Pakistani, anaishi Jersey City huko Marekani. Anapata nguvu za kubadili umbo la mwili, lakini ugomvi mkubwa uko nyumbani: baba hataki atoke usiku, mama ana wasiwasi, kaka ni mtu wa dini sana, na yeye anatamani kufanana na wenzake wa shule. Ni watoto wangapi wa huku wanaoyajua hayo? Kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015.

4. *Kwezi*. Ni cha Loyiso Mkize wa Afrika Kusini, kilianza 2014. Kwezi ni kijana wa mjini anayegundua ana nguvu, na kitu cha kwanza anachofanya ni kujionesha mtandaoni. Kabla hajawa shujaa inabidi aache majivuno na ajue ametoka wapi. Kimechanganya lugha za mtaani za Afrika Kusini, ila maana unaipata.

5. *Batman: Year One*. Mwandishi Frank Miller, mchoraji David Mazzucchelli, mwaka 1987. Ni matoleo manne tu yaliyokusanywa. Kinaeleza mwaka wa kwanza wa Batman, na sambamba yake kuna Gordon, polisi mwaminifu kwenye jiji ambalo polisi wenzake wamenunuliwa. Kwa kweli Gordon ndiye anayebeba hadithi. Kuna ukatili na mambo ya wakubwa kidogo, kwa hiyo kiwe cha mtu aliyefika miaka kumi na sita hivi.

6. *All-Star Superman*. Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12, kati ya 2005 na 2008. Superman anagundua kwamba anakufa, na anaamua atumieje siku zilizobaki. Ukurasa wa kwanza unaeleza asili yake yote kwa picha nne na maneno manane tu ya Kiingereza. Mengine humo ni ya ajabuajabu na yanahitaji utulivu, ndiyo maana kimekaa mwisho. Ukikisoma baada ya hivyo vingine utakipenda zaidi.

Kama una hela au nafasi ya kitabu kimoja tu, chukua cha kwanza kama unamsomea mtoto, cha tatu kama ni kijana, na cha tano kama ni mtu mzima mpenda filamu za upelelezi.

Je, Black Panther?

Najua wengi mngetaka nimtaje wa kwanza. Alitoka mwaka 1966 kwenye katuni ya Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, na filamu ya 2018 ilimfanya kuwa wetu sote.

Tatizo ni kwamba kitabu chake kinachosifiwa sana, *A Nation Under Our Feet* cha Ta-Nehisi Coates cha mwaka 2016, ni kigumu. Ni siasa tupu: mfalme ambaye watu wake wamechoka na ufalme, waasi wenye hoja, wanawake walinzi walioacha kazi. Ni kitabu kizuri, lakini majina ni mengi na hakimsubiri mgeni. Ukianza nacho kuna uwezekano mkubwa wa kukiacha njiani.

Pita njia ya dada yake. *Shuri*, iliyoanza 2018, iliandikwa na Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Black Panther amepotea, na Shuri anatakiwa kukalia kiti asichokitaka. Ina mambo ya sayansi na utani, na inasomeka. Ukiimaliza, rudi kwa Coates.

Wapo wengine waliochorwa Marekani wakapewa asili ya Afrika. Storm wa X-Men, aliyetoka 1975, mama yake ni Mkenya. Batwing, aliyepata kitabu chake 2011, ni polisi wa Kongo aliyekuwa askari mtoto. Wasome, lakini kwa macho mawili. Ramani humo inapindishwa, na jiji la Batwing linaloitwa Tinasha halipo Kongo wala kwingine. Kumpenda shujaa hakukuzuii kuona pale mchoraji alipobahatisha.

Kama huvutiwi na watu wanaoruka

Basi chukua riwaya za picha zisizo na mashujaa wa nguvu. Kwa Mtanzania, ya kwanza iwe *Madame Livingstone*. Mchoraji ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, akishirikiana na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Kwa Kifaransa ilitoka 2014, kwa Kiingereza 2021.

Ni Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Rubani Mbelgiji ametumwa kuitafuta meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo unaijua: ndiyo MV Liemba ya Kigoma. Iliundwa Ujerumani 1913, ikaunganishwa Kigoma na kuteremshwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kusoma riwaya hiyo ukijua meli yenyewe iko kwetu ni raha ya peke yake. Na moyo wa hadithi ni Mwafrika anayemwongoza rubani, mtu ambaye Wazungu wanamcheka bila kujua ni nani.

Ya pili ni *Aya* ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, iliyoanza 2005. Ni Abidjan mwishoni mwa miaka ya 1970: mabinti watatu, mapenzi, baba mkali, jirani mbeya. Hakuna vita wala njaa. Ni maisha tu, na utacheka.

Ukishazoea, kuna *Persepolis* ya Marjane Satrapi kuhusu utoto wake Irani, na *Maus* ya Art Spiegelman kuhusu baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi. Maus ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Ni nzito, lakini hutazisahau.

Kwa lugha za karibu, watafute Shujaaz wa Kenya. Walianza Februari 2010 kwa Sheng, na kisa cha kijana DJ Boyie anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Mwaka 2012 walipata tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa dijitali. Ni ushahidi kwamba hadithi za picha zinaweza kuzungumzia ajira, kilimo na afya bila kumhubiria mtu.

Wazazi, soma hapa

Nguo ya rangi kwenye jalada isikufanye umpe mtoto bila kufungua ndani. *Watchmen* ya Alan Moore na Dave Gibbons, ya 1986 hadi 1987, inatajwa kila mahali kama katuni bora ya mashujaa. Ina mauaji, ubakaji na mambo ya chumbani. *The Boys* ni zaidi ya hapo. Hizo ni za watu wazima.

Tena hata kwa mtu mzima, Watchmen si ya kwanza. Inawasema mashujaa vibaya, na huwezi kuonja kejeli hiyo kama huwajui wanaosemwa. Isome ya kumi.

Njia rahisi: soma kurasa kumi mwenyewe kabla hujampa mtoto. Au soma naye. Mtoto anayeanza kufundishwa masomo yake kwa Kiingereza kidato cha kwanza anapata msaada mkubwa kwenye picha. Akiona mtu amekunja uso, ngumi imepanda juu, neno asilolijua analikisia, na mara nyingi anapatia. Haichukui nafasi ya kitabu cha shule, lakini inamwondolea woga wa lugha. Huo woga ndio unaowaangusha wengi.

Namna ya kusoma

Soma kisanduku cha juu kushoto kwanza, nenda kulia, shuka chini. Ndani ya kisanduku, kiputo kilicho juu ndicho kilichotangulia. Kiputo chenye umbo la wingu ni mawazo. Chenye miba ni makelele. Maneno yaliyo ndani ya pembe nne ni ya msimulizi.

Usikimbilie maneno ukaacha picha. Mchoraji mzuri anaficha mambo: kivuli mlangoni, picha ya marehemu ukutani, mkono unaotetemeka. Ukimaliza ukurasa, utazame tena kwa sekunde tano bila kusoma. Utaona vitu ulivyovipita.

Kupata bila kuumia

Vitabu hivi kuagiza kutoka nje ni ghali, na usafiri unaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe. Kwa hiyo anza na za bure nilizotaja. Kisha ulizia maktaba. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, lina maktaba. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 1967. Ukikuta hawana katuni, waulize kama wanaweza kupata. Wasipoulizwa hawatajua kuna wanaotaka.

Ukishuka mjini, pekua kwa wauza vitabu vya mitumba. Katuni huwa zimechanganywa na vitabu vya watoto na bei haijapanda. Marafiki wanne mkichanga, kitabu kimoja kinazunguka, na mnapata wa kubishana naye, jambo ambalo ni nusu ya utamu.

Kaa mbali na tovuti zinazokupa kila kitu bure huku zikifungua matangazo ya kubeti na kukutaka upakue mafaili usiyoyajua. Unaweza kuokoa hela ya kitabu ukapoteza simu. Isitoshe, mchoraji halipwi, na wachoraji wa Afrika tuliowataja hawana kampuni kubwa nyuma yao.

Mpango wa mwezi mmoja

Wiki ya kwanza: vipande kumi vya Wayne Family Adventures, viwili kila ukipata nafasi. Wiki ya pili: sura za mwanzo za My Hero Academia. Wiki ya tatu: muulize mzee mmoja wa nyumbani kuhusu Sani, na ukipata nakala ya zamani isome. Utashangaa jinsi wanavyojua kuchekesha kwa picha tatu. Wiki ya nne: tafuta kitabu kimoja kati ya vile sita na ukimalize.

Kama hukupenda kimoja, usijilaumu na usiiache safari. Huenda ulipewa Batman wakati wewe ni mtu wa Aya. Badilisha kitabu, usibadilishe nia. Ukifika mwisho wa mwezi umemaliza kisa kizima kwa lugha ambayo zamani ilikutisha, wewe si mgeni tena. Mtu mwingine mtaani kwenu akiuliza aanzie wapi, utakuwa na jibu la kumpa.